Anashika lahani kuliko sisi, mbona hasikii kwamba nimekasirika?

“Asalaam aleikum. Mwanangu ana miaka 10, tunaishi Majengo, Mombasa. Alipokuwa na miaka 5 tuliambiwa ana usonji (autism). Anaongea, anasoma, na madrasani ustadhi wake humsifu: akisikia aya mara mbili huirudia kwa lahani ile ile, hata pumzi huvuta pale pale. Masikio yamepimwa hospitalini, yako sawa. Lakini nikimkemea hashtuki, na nikiongea na jirani kutoka dirishani, maongezi tu, huja kunishika nguo: ‘Mama, umekasirika?’ Huniuliza hivyo siku nzima. Babake yuko Doha. Akituma ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp mtoto huusikiliza hata mara 20, lakini babake akipiga simu hatamki neno, huondoka. Mwezi uliopita bibi yake alifariki. Wanawake walipoangua kilio aliziba masikio akasema kwa sauti, ‘Mwambieni anyamaze!’ Shangazi zake hawajasahau. Mmoja aliniambia mtoto huyu hana moyo. Jirani naye anasema nimpeleke akasomewe. Nataka kujua: hisia zetu anazisikia au hazisikii? Na kama lahani anaishika vile, mbona hasikii hasira?”

Waaleikum salaam, dadangu, na pole sana kwa kufiwa. Mola amrehemu bibi.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lenye ufunguo. Umeona mambo mawili kwa mtoto mmoja: sikio linalonasa lahani kuliko masikio yetu, na mtoto asiyetambua kwamba mamake amekasirika. Watu wakiyaona hayo pamoja huamua kwamba anafanya makusudi, anasikia akitaka. Sivyo. Kuisikia sauti jinsi ilivyo ni kazi moja ya ubongo. Kujua sauti hiyo inasema nini kuhusu moyo wa anayezungumza ni kazi nyingine. Mwanao ni hodari katika ile ya kwanza. Ya pili haimjii yenyewe, lazima aifanyie kazi.

Tuitazame sauti yenyewe. Tukizungumza tunatoa maneno, na maneno hayo yamevikwa kiimbo: sauti hupanda na kushuka, huwa nene au nyembamba, kubwa au ndogo, ya haraka au ya taratibu, kavu au iliyojaa pumzi. Kiswahili hukitegemea kiimbo sana. “Umekula” na “Umekula?” ni neno moja lisilobadilika hata herufi, kinachogeuza habari ikawa swali ni sauti kupanda. Kuna na mahali ambapo kiimbo hupindua maneno yenyewe. Mama akisema “Endelea tu!” kwa sauti iliyobana, watoto wengi hujua maana yake ni acha sasa hivi. Mtoto aliyeshika maneno akakosa kiimbo ataendelea, tena kwa utiifu, kisha achapwe kwa sababu ametii. Haya huniumiza kila ninapoyasikia, na wazazi wanaonisimulia hawajui kabisa kwamba mtoto alifanya alichoambiwa.

Si kweli hata kidogo kwamba mtu mwenye usonji hasikii kiimbo. Mwaka 2003 watafiti wa Montreal, Laurent Mottron akiwa miongoni mwao, waliwasikilizisha watu wenye usonji milio iliyokaribiana sana kwa unene na wembamba. Waliitofautisha vizuri kuliko wenzao wasio na usonji. Si kila mwenye usonji ana sikio la namna hiyo, lakini wapo wengi, na nadhani mwanao ni mmoja wao. Kwa hiyo ustadhi hakosei, na wala hakuna ajabu: lahani ya kisomo ina kanuni, hurudiwa vile vile, na haimtaki msikilizaji akisie mtu anaficha nini.

Tofauti iko baada ya hapo. Mtoto mchanga kwa kawaida huvutwa na sauti ya binadamu kabla hajajua hata neno moja. Huigeukia, huutafuta uso wa msemaji, na kidogo kidogo hujua kwamba mama akitoa sauti hii hufuata kicheko, akitoa ile hufuata kufinywa. Hakuna anayemfundisha. Ule mvuto ndio mwalimu. Kwa watoto wengi wenye usonji mvuto huo ni mdogo zaidi. Mwaka 2005 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, waliwapa watoto wadogo nafasi ya kuchagua kati ya sauti ya mama anayembembeleza mwanawe na mlio wa mashine uliofuata kupanda na kushuka kule kule. Wengi wa watoto wenye usonji waliuelekea mlio wa mashine. Mwaka 2013 Daniel Abrams, Vinod Menon na wenzao wa Chuo Kikuu cha Stanford walitazama ubongo wa watoto kwa mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili. Kwa wale wenye usonji walikuta mawasiliano hafifu kati ya sehemu inayoshughulikia sauti za watu na sehemu zinazohusika na raha na hisia.

Tafadhali usiyasome matokeo hayo kama kipimo cha mapenzi. Yanahusu jambo dogo zaidi kuliko hilo: sauti ya mtu haimteki masikio mapema na kwa nguvu kama inavyowateka wengine, kwa hiyo mazoezi ambayo wenzake waliyapata bila kujua tangu kwenye mbeleko, yeye aliyapata kidogo.

Sasa tuje kwenye “Mama, umekasirika?” Hasira na furaha kubwa hufanana mno masikioni. Zote mbili hupaza sauti, huipandisha na kuiharakisha. Huzuni, uchovu na ile hasira ya kununa nazo hufanana: sauti ndogo, ya chini, ya taratibu. Ukali wa hisia husikika kwa urahisi. Kama hisia yenyewe ni njema au mbaya, hilo limejificha kwenye vitu vidogo sana vya sauti, na sisi huvisaidia kwa uso, kwa mahali tulipo na kwa tunavyomjua mtu. Mtoto asiyevipata vitu hivyo papo kwa papo hujitengenezea kanuni kwa kile kilicho wazi zaidi. Naona mwanao amejipa kanuni hii: sauti kubwa ni hasira. Ukimwita jirani kutoka dirishani, kanuni inamwambia mama amekasirika. Na nakisia kwamba ukikasirika kweli huipandishi sauti, huishusha na kubana meno. Kanuni inamwambia hakuna tatizo, naye hashtuki.

Zingatia hili pia: mtoto asiyejali hisia za mamake hamuulizi siku nzima kama amekasirika. Mwanao anajali kiasi cha kuwa na wasiwasi, na njia pekee aliyo nayo ya kupata uhakika ni kukuuliza kwa mdomo.

Je, anaweza kujifunza? Anaweza, ila si kwa kungojea aone mwenyewe. Mwaka 2007 Ting Wang, Mirella Dapretto na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwasikilizisha watoto na vijana wenye usonji visa vifupi, wakitakiwa kuamua kama msemaji anasema kweli au anakejeli. Walipoambiwa waziwazi watilie maanani uso au sauti ya msemaji, sehemu ya ubongo inayohusika na kuelewa nia za watu iliongeza kazi. Hii ina maana njia ipo, lakini inangoja kuelekezwa. Mwanao anakisoma kiimbo kama mtu aliyejifunza lugha ya kigeni ukubwani: akitulia, akipewa nafasi, anafahamu, akichoka, au watu watatu wakisema pamoja, hupotea. Ndiyo maana siku moja utamwona anaelewa na kesho yake haelewi, nawe udhani anakuchezea.

Tuje kwenye msiba, maana naona hapo ndipo palipokuumiza zaidi. Kilio cha wanawake wengi ndani ya chumba kimoja ni sauti kali, nyembamba, inayoanza ghafla bila mpangilio. Watu wengi wenye usonji husikia sauti za namna hiyo kama maumivu ya mwili, na tangu mwaka 2013 wepesi huo wa kuumizwa na sauti, mwanga au mguso umo katika vigezo vya utambuzi wa usonji ambavyo madaktari wa Marekani hutumia, na wengi kwingineko huvifuata. Sikio lile lile linalomnasia lahani halina mlango wa kufunga. Aliposema “Mwambieni anyamaze” hakusema “Msimlilie bibi.” Alisema anaumia, kwa maneno aliyokuwa nayo wakati ule.

Ama kuhusu moyo: kuna hali inayoitwa aleksithimia, ambapo mtu ana hisia lakini hushindwa kuitambua na kuitaja hata iliyo ndani yake mwenyewe. Anajua tumbo linauma, koo limekaza, hajui kwamba hiyo ni huzuni. Utafiti uliokusanya tafiti nyingi pamoja unaonyesha kwamba karibu nusu ya watu wenye usonji wana hali hiyo, ilhali kwa wengine ni takriban 5 kati ya 100. Watafiti Geoffrey Bird na Richard Cook walitoa hoja mwaka 2013 kwamba sehemu kubwa ya ugumu wa kutambua hisia za wengine, ambao watu huuhesabia usonji, hutokana hasa na hali hii. Hoja yao imenisaidia sana kazini. Asiyeweza kuitaja huzuni yake ataipataje kwenye sauti ya shangazi? Kwa hiyo huzuni ya mwanao itafute kwingine: usingizi umebadilika? Anakula? Anataja vitu vya bibi, anauliza lile lile kila siku, anakaa alipokuwa akikaa bibi? Kwa watoto wengi wenye usonji majonzi hutoka hivyo, na mara nyingi huchelewa kwa wiki au miezi.

Na tusimtwike yeye peke yake mzigo wa kutoelewana. Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza mwaka 2012 kwamba tatizo lina pande mbili: sisi pia hatuwasomi wao. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake wa Edinburgh walipanga watu katika minyororo, wa kwanza akimsimulia wa pili kisa, wa pili wa tatu, hivyo hivyo hadi wa nane. Minyororo ya watu wenye usonji watupu ilihifadhi kisa sawa na ile ya watu wasio na usonji. Habari zilipotea zaidi kwenye minyororo iliyochanganya. Shangazi alisikia maneno ya mtoto pale msibani, akayasoma kama ukatili. Naye alikosea kusoma.

Basi ufanye nini? La kwanza, na ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, taja hisia kwa maneno. “Nimekasirika kwa sababu umemwaga maji kitandani.” “Nimechoka, sijakasirika.” Akikuuliza, mpe jibu la kweli pamoja na sababu: “La. Nimepaza sauti kwa sababu Mama Salma yuko ng’ambo ya barabara.” Usimjibu “Wewe unaonaje?”, wala usimwambie hujakasirika ilhali umekasirika, maana hapo unaiharibu kamusi anayojiandikia. Akirudia swali mara ya tano, jibu lile lile, kwa utulivu ule ule. Vitisho vya “Endelea tu” na “Subiri uone” viache kwake kabisa. Kumpazia sauti zaidi hakusaidii, kwani sauti ikiwa kubwa sana vile vitu vidogo vinavyotofautisha hisia humezwa. Na usimlazimishe akutazame machoni ndipo umwamini kwamba anasikia. Watu wengi wazima wenye usonji wanasema husikiliza vizuri zaidi wakitazama pembeni.

Kwa mazungumzo muhimu, zima televisheni, toka jikoni, mwite jina, sema sentensi moja, kisha nyamaza uhesabu kimoyomoyo hadi 10. Kwa mama mwenye haraka hicho ni kimya kirefu, najua, lakini ndicho kinachompa nafasi ya kuelewa. Pangaboi lichunguze peke yake: baadhi ya watoto mvumo wake huwatuliza, wengine huwafunika maneno.

Ule ujumbe wa sauti wa babake ni hazina, na nashangaa ni wachache wanaoutumia. Haubadiliki, hauna uso wa kufuatiliwa, haudai jibu la papo hapo, na anaweza kuurudisha nyuma. Simu inayopigwa haina hata kimoja cha hivyo: inaingia ghafla, sauti hukatikakatika, na lazima ajue zamu yake ya kusema imefika lini. Kuondoka kwake hakumaanishi anamkataa babake. Mwambie baba asikatwe moyo na simu. Atume ujumbe, auanze kwa kutaja hali yake, “Leo nimefurahi, ndiyo maana naongea haraka,” na mtoto ajibu kwa kurekodi, hata kama ni kesho. Nanyi wawili kaeni muusikilize, usimamishe mahali: “Sikia hapa, sauti ya baba imeshuka. Amechoka, ametoka kazini.” Dakika chache zinatosha. Asipotaka, acha.

Vifunika masikio vinasaidia kwenye harusi, kivuko cha Likoni, msibani. Nashauri awe navyo na aviweke mwenyewe anapotaka. Kuvivaa kutwa nzima sikushauri, kwa sababu sikio lililozoea ukimya huzidi kuona sauti za kawaida kuwa kali. Kuhusu mafunzo ya kutambua hisia kwa picha na sauti zilizorekodiwa, sitakudanganya: watoto wengi huboreka kwenye majaribio yenyewe, ila ujuzi huo mara nyingi hauvuki hadi nyumbani. Ukipata ya bei nafuu na mtoto akayapenda, sawa. Usiuze mali kwa ajili yake. Na mtu akikuahidi kumfundisha “aongee kama watoto wengine,” apandishe na kushusha sauti kwa maigizo, kataa. Watu wazima wenye usonji waliofundishwa kujificha hivyo wanaeleza uchovu mkubwa na huzuni ya miaka.

Kumsomea dua hakumdhuru, na kama kunakutuliza, msomee wewe mwenyewe, kwa sauti ya chini, pale anapopenda. Lakini usonji amezaliwa nao, hakurogwa na wala si kosa lako. Usikubali achapwe, afukizwe moshi chumbani au apigiwe kelele masikioni kwa jina la tiba. Hayo yatamfanya aogope sauti za watu zaidi.

Mwezi mmoja umepita, kwa hiyo huenda arobaini ya bibi iko karibu. Mwandae. Mwambie siku mbili tatu mapema nani watakuja, kutakuwa na kisomo, na kwamba huenda mtu akalia kwa sauti kwa sababu anamkumbuka bibi. Mfundishe maneno ya kutumia badala ya yale ya msibani: “Sauti imeniumiza, naomba nitoke.” Mwonyeshe chumba au baraza atakayokwenda na mtu mzima atakayekuwa naye. Kama ustadhi atakubali asome aya chache mwanzoni, kabla watu hawajajaa, mpe nafasi hiyo ikiwa mwenyewe anataka. Shangazi uzungumze naye kabla ya siku hiyo, si mbele ya watu, umweleze kwamba kilio kilimuumiza mtoto masikio na kwamba anamkumbuka bibi kwa njia zake.

Kuna mambo ambayo majibu ya kuandikwa hayatoshi. Mpeleke hospitalini haraka akianza kupoteza maneno aliyokuwa nayo au akiacha kuelewa maneno aliyoyaelewa. Akikodoa macho na kutoitika kwa muda, au akipata degedege, maana kifafa huwapata watu wenye usonji zaidi kuliko wengine. Akitokwa na usaha sikioni au akijipiga kichwa na masikio. Vivyo hivyo akikataa chakula na usingizi kwa wiki kadhaa baada ya msiba huu. Mambo yasipofika hapo, bado ningependa aonwe na mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha, pamoja na mtaalamu wa tiba ya kazi (occupational therapy), yaani anayewasaidia watu kumudu shughuli za kila siku, anayejua masuala ya hisi. Anzia Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani uulize idara hizo. Kwa upande wa shule, vituo vya EARC, yaani vituo vya tathmini na nyenzo za elimu, ndivyo vinavyowatathmini watoto wenye mahitaji maalumu, na kama hujamsajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, uliza hatua za usajili siku hiyo hiyo.

Ukienda, usiende mikono mitupu. Kwa wiki mbili andika kila anapoziba masikio au kuuliza kama umekasirika: ilikuwa saa ngapi, sauti gani ilikuwa ikisikika, nani alikuwa akizungumza, na alikuwa ameshiba na kulala vizuri au la. Mrekodi kidogo akisoma aya, na kidogo akizungumza nawe mkiwa wawili nyumbani, kwa ridhaa yake. Mtaalamu atajifunza mengi kutoka kwenye karatasi hiyo na rekodi hizo kuliko kwa kumtazama nusu saa ndani ya chumba asichokijua.